Jinsi ya Kueleza Maada ya Kitopolojia kwa Ukili wa Mkeka

Chukua vipande viwili vya ukili, kila kimoja kirefu kiasi cha dhiraa mbili na kipana kama vidole vitatu. Hapa Lamu hutavikosa kwa yeyote anayesuka mikeka. Viloweshe kidogo ili miyaa isivunjike. Cha kwanza kishone ncha kwa ncha kiwe pete. Cha pili, kabla ya kukishona, geuza ncha moja nusu mzunguko, ili upande wa juu ukutane na wa chini.

Sasa mpe mwanafunzi kaa, alipitishe ukingoni mwa kila pete bila kuinua mkono. Katika pete ya kwanza atarudi alipoanzia, na ukingo wa pili utakuwa bado safi. Katika ya pili atazunguka mara mbili na hautabaki ukingo usiopakwa, kwa kuwa pete hiyo ina ukingo mmoja tu. Aivute na kuikunja apendavyo, msokoto ule hautoki mpaka afumue mshono.

Pete hiyo ya pili ni mfano wa maada ya kitopolojia, yaani fuwele lenye msokoto usiotoka kwa kuvutwa wala kukunjwa. Hapa wengi hukosea, wakadhani kuwa fuwele lenyewe limepindika. Kilichosokotwa ni mawimbi ya elektroni zake, na kufumua mshono maana yake ni kufunga pengo la nishati, yaani viwango vya nishati ambavyo elektroni haziwezi kuwa navyo, linalolifanya liwe kihami, kitu kisichopitisha umeme. Mfano ninaoupenda ni tabaka jembamba la teluraidi ya zebaki: chini ya nanometa 6.3 hivi ni kihami cha kawaida. Unene ukifika hapo, pengo hufunga. Ukizidi, pengo hufunguka tena, lakini msokoto umekwisha kuingia. Jambo hilo lilitabiriwa mwaka 2006, na mwaka 2007 wanafizikia wa Würzburg, Ujerumani, wakalipima: katikati umeme haukupita, kingoni ukapita. Hewa nayo ni kihami, ila haina msokoto. Kwa hiyo pale tabaka linapopakana nayo hesabu ya misokoto haina budi kubadilika, nayo haibadiliki bila pengo kufunga, na pengo likifunga elektroni hupata njia.

Mwisho, mpe ukili wa tatu augeuze nusu mzunguko mara mbili, kisha ahesabu kingo. Atapata mbili, kama pete ya kawaida. Hilo lisimshangaze, kwani wanafizikia Kane na Mele walionyesha mwaka 2005 kwamba katika vihami vya aina hii kinachotazamwa ni kama hesabu ya misokoto ni witiri au shufwa.