Kuwasha gari bila ufunguo: swichi ya kijiti na kitufe cha stata, waya kwa waya

Gari ulilojiundia mwenyewe, au pikapu kuukuu uliyoivua dashibodi yote, mara nyingi halina mahali pa maana pa kuweka ufunguo. Na ukiichunguza swichi ya ufunguo, utakuta ina kazi mbili kubwa tu: kupeleka umeme kwenye mfumo wa kuwasha injini, na kupiga stata. Kazi ya kwanza tutaipa swichi ya kijiti, ile ya kuinua na kushusha. Ya pili tutakipa kitufe kinachorudi chenyewe ukikiachia.

Maelezo haya ni ya mfumo wa volti 12 wenye hasi kwenye bodi. Gari ambalo kompyuta yake hutambua chipu ya ufunguo halitawaka kwa njia hii. Na kama usukani una kufuli la ufunguo, ling'oe kabisa kabla hujagusa waya. Kufuli hilo likijifunga gari likiwa mwendoni, hutakata kona.

Gari langu la kwanza la namna hii nilipitisha umeme wa solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayoiamuru stata) moja kwa moja kwenye kitufe. Solenoidi ile hunywa ampea nyingi, na kitufe kilikuwa kidogo. Haikuchukua muda kontakti zikaungua zikashikana: injini imeshawaka, kidole nimekitoa, stata bado inalia. Nilichomoa terminali ya betri huku mikono ikitetemeka. Tangu hapo, swichi ya dashibodini kwangu ni ya kuamuru tu. Mzigo unabebwa na rilei, yaani swichi inayofungwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa.

Vifaa: rilei mbili za ampea 40 zenye miguu minne, swichi ya kijiti, kitufe, fyuzi mbili za ampea 30 na mbili za ampea 5, fyuzi za koili, pampu na geji, waya wa milimita 4 za mraba kwa mzigo, wa milimita 1 kwa amri, dayodi tatu za 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), na taa ya kujaribia.

Hatua ya 1: Chomoa hasi ya betri. Usiirudishe hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: Rilei ya kwanza, ya umeme wa injini. Namba za miguu zimechapwa kwenye rilei yenyewe. Kutoka chanya ya betri, pita fyuzi ya ampea 30, uingie mguu wa 30. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi wowote. Mguu wa 87 unakwenda kulisha koili, pampu ya mafuta na geji, kila kimoja na fyuzi yake. Kwa amri: chanya ya betri, fyuzi ya ampea 5, swichi ya kijiti, kisha mguu wa 86. Mguu wa 85 unafungwa kwenye bodi, penye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Hatua ya 3: Rilei ya pili, ya stata. Mguu wa 30 unapata umeme wa betri kupitia fyuzi ya pili ya ampea 30. Mguu wa 87 unakwenda kwenye terminali ndogo ya solenoidi, ambayo kwenye stata nyingi imeandikwa 50. Waya mnene wa betri ulioko kwenye stata usiuguse.

Amri ya rilei hii usiitoe kwenye betri. Itoe kwenye mguu wa 87 wa rilei ya kwanza, ipite fyuzi ya ampea 5, kisha kitufe, kisha mguu wa 86. Hivyo mtoto akichezea kitufe swichi ikiwa imezimwa, hakuna kitakachotokea.

Mguu wa 85 nao usiupeleke bodi moja kwa moja. Upitishe kwanza kwenye swichi ya nyutro, ile inayopitisha umeme gia ikiwa nyutro tu, au swichi ya pedeli ya klachi kama gia ni za mkono. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kusikia injini. Lakini gari lisilo na ufunguo huwashwa na yeyote anayepita dirishani, na likiwa kwenye gia litaruka mbele.

Hatua ya 4: Dayodi. Weka moja kwenye kila rilei, kati ya 85 na 86, mstari uliochorwa kwenye ncha yake moja ukielekea 86. Inameza mshtuko wa umeme unaorudi rilei inapoachia, ule unaokula kontakti za swichi. Ya tatu ni ya taa ya chaji: iunge kwenye waya wa taa hiyo, mstari ukielekea altaneta. Bila hiyo, kwenye baadhi ya magari umeme wa altaneta hurudi kupitia taa na injini hugoma kuzimika.

Hatua ya 5: Jaribu bila stata. Acha waya wa terminali 50 ukining'inia, ufunge taa ya kujaribia kati yake na bodi, ndipo urudishe hasi ya betri. Swichi juu, gia nyutro (au klachi chini), bonyeza: taa iwake. Achia: izime palepale. Tia gia (au achia klachi), bonyeza: isiwake. Shusha swichi, bonyeza: isiwake. Jibu moja likikosea, rudi kwenye nyaya.

Yakikubali yote, unga waya wa 50 na upige stata, isizidi sekunde 10 kwa mkupuo. Rilei ikilia tik na stata ikanyamaza, mtu abonyeze kitufe wakati wewe unapima volti kwenye terminali 50 na kwenye betri. Zikipishana zaidi ya volti 1, kuna kiungo kimelegea njiani, na mimi huanza na kishikio cha fyuzi. Zikilingana, kagua waya mnene wa stata na hasi ya injini.

Weka pia taa ndogo ya kuonyesha kuwa swichi iko juu. Injini ikizimika swichi ikaachwa hivyo, koili ya mfumo wa platini (ule wa zamani usio wa elektroniki) inaweza kuchemka hadi iungue, na betri utaikuta imekufa asubuhi.