Kutangaza mpira runingani, na siku filamu itakapokuita

Anzia Camp Toyoyo, uwanja wa mtaani pale Jericho, Nairobi. Mechi za mtaani hazina orodha ya kukabidhiwa, kwa hivyo wahi kabla ya kipenga uulize majina na namba za jezi. Mimi huyaandika kwenye kipande cha katoni jinsi wachezaji watakavyosimama: kipa chini, washambuliaji juu. Jina likinitatiza, namfuata mwenyewe anitamkie. Ni jina alilopewa na babu yake. Sina haki ya kulivunja.

Waliolelewa na redio hupata taabu wakija runingani. Redioni wewe ndiwe macho ya msikilizaji. Runingani anaona kwamba mpira umetoka na ni kona, basi mwambie asichokiona: beki yule anachechemea tangu dakika ya 20. Zima sauti ya mechi yoyote, tangaza dakika 10, jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake. Na siku ya mashemeji, yaani Gor Mahia na AFC Leopards (Ingwe), pale uwanja wa Nyayo, Gor au Ingwe wakifunga, mtaje mfungaji kisha nyamaza. Waachie mashabiki. Kusema nilijifunza upesi. Kunyamaza kulinichukua miaka.

Filamu hukutafuta kwa sababu ya sauti iliyozoeleka. Huko Marekani, Howard Cosell, aliyesifika kwa kutangaza ndondi, alijiigiza mwenyewe katika Bananas mwaka wa 1971. Bob Uecker wa besiboli alipewa mhusika, mtangazaji Harry Doyle, katika Major League mwaka wa 1989. Hizo ni kazi mbili, kwa hivyo muulize mwongozaji amekuitia ipi. Ukijiigiza, usibadili kitu. Ukipewa mhusika, jua anakaa wapi na anashabikia nani hata kabla ya kushika kipaza sauti.

Mara yangu ya kwanza kwenye filamu nilisimamishwa mbele ya ukuta mweupe, ndani ya ghala Industrial Area, nikaambiwa nishangilie bao. Nikaomba kijana apitishe tochi ukutani, kushoto kwenda kulia, macho yapate cha kufuata. Tulirudia mara 14. Usimalize koo mara ya kwanza. Toa sauti utakayoweza kuitoa tena jioni.

Lakini kabla ya kwenda, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, na mkataba unaotaja siku ya malipo. Kampuni moja ilinipa nauli tu, halafu nikasikia bao langu lilelile kwenye tangazo la biashara. Sasa hudai kifungu hiki kiandikwe: sauti hii ni ya filamu hii peke yake.