Namna ya kulikagua kaburi la Dwarfie Stane, kisiwani Hoy

Shuka kivuko Moaness au Lyness, Orkney, Skotlandi, kisha fuata barabara ya Rackwick. Vaa buti: njia hukatiza bonde lenye majimaji.

Kwanza lizunguke. Ni bonge la jiwe la mchanga lililochongwa ndani kuwa kaburi, urefu wa takribani mita 8.6. Jiwe kubwa lililolala mbele ya mlango ndilo lililouziba.

Ingia kwa kutambaa; ukiinuka utagonga kichwa. Ujia mfupi una kijumba kila upande. Tochi usiielekeze ukutani moja kwa moja, maana mwanga wa mbele hufuta vivuli. Iweke ubavuni, karibu na ukuta, ndipo alama za kuchonga zitaonekana. Kiraka darini ni tundu la zamani lililozibwa. Maandishi ya Kiajemi nje ni ya mgeni aliyeitwa William Mounsey, ya mwaka 1850, hayahusiani na wachongaji.

Kaburi hukadiriwa kuwa la miaka 5,000. Usikimbilie kusema ufundi ulitoka Mediterania kwa sababu tu huko makaburi ya kuchongwa ni mengi. Linganisha kwanza na makaburi ya mawe ya kupangwa ya Orkney yenyewe, yenye ujia na vijumba vile vile.

Usipake chaki wala kukwangua kuvu.