Berlin Wakati wa Baridi: Panga Safari Yako kwa Kufuata Mwanga

Mwanadiaspora anayeishi Muscat, Doha au Houston anapoalikwa na ndugu yake wa Berlin kwenda kula naye Krismasi, jambo la kwanza analouliza ni baridi. Ana haki ya kuuliza, ila baridi ya Berlin ina dawa yake, na dawa hiyo inauzwa dukani. Mwezi wa Januari joto la mji huo huzunguka nyuzi sifuri za Selsiasi, likipanda kidogo mchana na kushuka kidogo usiku, na ingawa zipo siku ambazo hushuka hadi kumi chini ya sifuri, siku hizo si nyingi. Kinachowashinda wageni wengi wa kutoka kwetu ni giza. Karibu na tarehe 21 Desemba jua huchomoza yapata saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na hata saa hizo saba na nusu za katikati mara nyingi hufunikwa na wingu zito la kijivu lisiloondoka kwa siku kadhaa. Aliyekulia karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hugawana siku sawasawa mwaka mzima, huchelewa kuamka kwa sababu dirisha bado jeusi, hunywa chai bila haraka, hutoka saa saba, na kabla hajafika mahali pa pili taa za barabarani zimeshawaka.

Kwa hiyo ratiba ya Berlin ya majira hayo ipangwe kwanza kwa mwanga. Matembezi ya nje yawekwe kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na makumbusho, masoko ya Krismasi, mikahawa na kutembelea jamaa vifuate baada ya hapo. Mwislamu anayesafiri atalazimika kuwa mwangalifu zaidi, kwa maana katikati ya Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi hukaribiana mno: alasiri huingia kabla ya saa nane, na magharibi huikuta siku bado haijafika saa kumi. Anayetaka kuswali jamaa katikati ya matembezi ataukuta msikiti wa Şehitlik barabara ya Columbiadamm, na ule wa Wilmersdorf, uliojengwa miaka ya 1920, ndio mkongwe kuliko yote iliyosimama Ujerumani hadi leo.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna viza, na hapa ndipo safari nyingi za Desemba hufia. Mwenye kibali halali cha ukaazi kilichotolewa na nchi nyingine ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa mfano Uholanzi au Sweden, hahitaji viza ya kutembelea Berlin. Anatakiwa kubeba pasipoti yake pamoja na kadi ya ukaazi, na asizidishe siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Lakini anayeishi Uingereza, Ayalandi, Marekani, Kanada au nchi za Ghuba kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hata kama kibali chake cha huko ni cha kudumu. Maombi hufanywa katika nchi anayoishi, si mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala si chini ya siku 15, na ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Inatakiwa pia bima ya safari inayolipia matibabu ya angalau euro 30,000. Siku hizo 15 zilizoandikwa kwenye kanuni zisimdanganye mtu: nafasi za miadi hujaa kadiri Desemba inavyokaribia, na mwenye busara huanza Septemba. Mwenyeji aliyeko Ujerumani anaweza kurahisisha mambo kwa kusaini kwenye ofisi ya uhamiaji tamko la kubeba gharama za mgeni wake, linaloitwa Verpflichtungserklärung. Lakini ajue kwamba ni ahadi ya kisheria yenye madai ya kweli, haifanani na barua ya mwaliko ya kujiandikia mezani.

Kuhusu mavazi, kosa la kawaida ni kununua koti moja zito na kuweka matumaini yote humo. Nyumba, maduka na treni za Berlin hupashwa joto vizuri, na aliyejifunga koti zito juu ya fulana nyepesi atatoka jasho ndani kisha ataganda akitoka nje na fulana yake ikiwa imelowa. Vizuri ni kuvaa nguo za ndani za joto zinazobana mwili, juu yake sweta ya sufu, na mwisho koti lisilopitisha upepo wala mvua. Kila tabaka livuliwe na kurudishwa kadiri ya mahali. Kofia inayofunika masikio, skafu na glavu havina mjadala. Ila kama pesa ni chache, ziende kwenye viatu. Mji huo umekataza wakazi kumwaga chumvi kwenye njia za miguu ili kulinda miti, kwa hiyo theluji inapoganda hunyunyiziwa changarawe ndogo, na siku ambayo mvua inanyesha juu ya ardhi iliyoganda barabara nzima hugeuka kioo. Soli iwe ya mpira wenye mifereji mirefu, na kiatu kiwe kikubwa kidogo kuliko kawaida ili kiingie soksi nene bila kubana, kwani mguu uliobanwa hupata baridi upesi. Asiye na vazi lolote la baridi asinunue Dubai wala Mombasa kwa bei ya watalii. Berlin yenyewe ina maduka makubwa ya mitumba, likiwemo la Humana pale Frankfurter Tor lenye ghorofa kadhaa, ambako koti zuri la sufu hupatikana kwa bei ya chini sana kuliko jipya. Wajuzi wa Gikomba na Karume watajisikia nyumbani.

Ngozi nayo isisahaulike. Hewa ya ndani iliyopashwa joto ni kavu mno, na midomo, mikono na visigino hupasuka katika siku chache tu, hivyo mafuta mazito ya mgando yanafaa kuliko losheni nyepesi. Maji ya bomba ya Berlin ni salama kunywa, na inafaa kuyanywa hata kama kiu haipo.

Uwanja wa ndege wa Berlin, unaojulikana kwa herufi BER, uko nje ya mipaka ya mji, katika kanda ya nauli iitwayo C, ilhali tiketi ya kawaida ya mjini ni ya kanda A na B pekee. Anayetoka uwanjani anunue tiketi ya ABC. Tiketi ya karatasi isiyogongwa tayari tarehe na saa lazima igongwe kwenye mashine ndogo iliyopo jukwaani kabla ya kupanda. Hakuna malango ya kukuzuia, lakini wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na faini ni euro 60. Kwa siku ya baridi kali, nampendekezea kila mgeni basi namba 100, linalotoka kituo cha Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz kwa nauli ile ile ya kawaida na kupita mnara wa Ushindi na jengo la bunge la Reichstag. Ukikaa ghorofa ya juu, mbele, utaona nusu ya vivutio vya mji bila kuvua glavu. Kupanda kuba la kioo la Reichstag ni bure, ila ni lazima kujiandikisha mapema na kufika na pasipoti.

Mgeni wa Afrika Mashariki anayo sababu yake mwenyewe ya kuingia Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, Museum für Naturkunde, barabara ya Invalidenstraße. Katikati ya ukumbi mkuu umesimama mfupa kwa mfupa mnyama wa Tendaguru, mkoani Lindi: dinosaria aitwaye Giraffatitan, mwenye kimo cha mita 13.27. Mifupa hiyo ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi wa pale pale, kisha ikabebwa na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 aina nyingine ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Watoto watapenda ukubwa wa mnyama. Wazazi watakuwa na mengi ya kuwaeleza kuhusu namna alivyofika hapo. Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu, kama yalivyo mengi ya mji huo. Pergamon, ambayo vitabu vya zamani vya watalii huisifu sana, imefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, kwa hiyo katika Kisiwa cha Makumbusho nenda Neues Museum penye sanamu ya kichwa cha Nefertiti, malkia wa Misri ya kale.

Ikitokea siku ya jua, na hutokea, hasa baridi inapokuwa kali, itumike kutembea nje. Shuka kituo cha Afrikanische Straße cha treni ya chini ya ardhi U6, eneo la Wedding, uingie mtaa unaoitwa Afrikanisches Viertel, ambako utasoma vibao vya Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße na Kongostraße. Hapo palikuwa na barabara ya Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters, yule ambaye Watanganyika walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 mamlaka zilitangaza kwamba jina hilo sasa linamhusu Peters mwingine, mwanasiasa wa Berlin, na kibao kikabaki palepale. Wanaharakati hawakuridhika, na Agosti 2024 sehemu moja ya barabara ikawa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia aliyepigania uhuru, na nyingine Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907. Upande wa Neukölln, karibu na Hermannplatz, iliyokuwa Wissmannstraße, kwa jina la afisa aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri na watu wa pwani, tangu 2021 ni Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wa Tanzania. Anayependa kuona pale mkutano wa kugawana Afrika ulipofanyika, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, aende Wilhelmstraße. Jengo halipo, kuna bango la maelezo tu, na kwa maoni yangu dakika kumi zinatosha.

Masoko ya Krismasi huanza mwishoni mwa Novemba, na mengi hufungwa mara baada ya sikukuu. Lile la Rotes Rathaus, jumba la serikali ya mji, lina uwanja wa kuteleza kwenye barafu unaowafaa watoto. Kinywaji cha moto kinachonuka mdalasini na karafuu, Glühwein, ni mvinyo, na asiyekunywa pombe aagize Kinderpunsch. Kikombe hutozwa amana, ambayo utarudishiwa ukikirudisha. Soseji nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Chakula cha halali hakina tabu Berlin: mitaa ya Kreuzberg na Neukölln imejaa migahawa ya Waturuki na Waarabu, na maduka ya Kiafrika ya Wedding huuza unga mweupe wa mahindi, ndizi za kupika na samaki wakavu.

Nunua mahitaji mapema, kwani Jumapili maduka hufungwa. Tarehe 24 Desemba hufungwa mchana, na tarehe 25 na 26 ni sikukuu zote mbili. Likitokea la ghafla, maduka ya ndani ya stesheni kuu husaidia. Namba ya dharura ya matibabu na moto ni 112, ya polisi ni 110, na ya daktari wa zamu kwa ugonjwa usio wa kufa na kupona ni 116117.

Mkesha wa mwaka mpya unahitaji tahadhari ya peke yake. Wakazi wenyewe huruhusiwa kulipua fataki barabarani, na kuanzia jioni hadi usiku wa manane milio haikatiki, moshi hujaa mitaani, na kila mwaka watu huumia. Mwenye watoto wadogo, au aliye na mgeni aliyetoka Goma au Bujumbura ambaye milio hiyo inamkumbusha mengine, abaki ndani, mbali na madirisha ya barabarani, na amweleze mgeni wake mapema kitakachotokea. Januari nzima, hata ukimwona mwenyeji anatembea juu ya ziwa lililoganda, usimfuate.

Kwa mwenye uhuru wa kuchagua tarehe, wiki ya kwanza ya Desemba ina masoko yote bila msongamano wa sikukuu, na katikati ya Januari hoteli huwa nafuu na siku zimeshaanza kurefuka. Februari, tamasha la filamu la Berlinale linapofika, vyumba hupanda bei tena, na wakati huo jua huzama baada ya saa kumi na moja.