Kabla ya kupanda mikoko, fungueni njia ya maji

Makonde mengi ya mpunga huku kwetu Pemba yako kwenye mabonde yanayoishia baharini, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likija maji ya chumvi yanapanda mpaka kwenye mpunga. Ncha za majani zinaungua, na udongo ukikauka unabaki na weupe juu. Watu wanakimbilia kupanda mikoko ili iyazuie maji hayo. Nia ni njema, ila mingi inakufa kwa kupandwa pasipo pake.

Siku ya bamvua, nendeni na wazee mkachomeke vijiti pale maji yanapofika. Waulizeni mikoko ya zamani ilisimama wapi na ilikwisha vipi. Kama ilikatwa kwa boriti na kuni za chokaa, na bado inakatwa, muoneni kwanza sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani. Kama mkondo umezibwa na tuta au barabara, ufunguliwe, kwa sababu maji yakituama mizizi inakosa pumzi. Yakipita vizuri na miti mama iko karibu, mara nyingi miche huota yenyewe, na mimi naiamini hiyo kuliko ya kupandwa.

Mikoko ina aina zake, na kila moja ina pake. Mlilana hukaa mbele, kwenye mawimbi. Mkoko wenye mizizi ya magongo hutaka tope laini nyuma yake, kisha mkandaa. Mchu huvumilia chumvi kali hata upande wa juu. Msipande juu ya majani ya bahari. Hapo hapakuwa na msitu tangu zamani.

Mbegu ya mkoko huo wa magongo ni ndefu kama kijiti. Iliyokomaa ina pete ya manjano shingoni, na ukiizungusha kidogo kofia inatoka. Iliyotobolewa na wadudu iache. Maji yakipwa, ididimize wima, thuluthi yake ndani ya tope, upande uliotoka kofia uangalie juu, hatua moja kutoka kwa mwenzake. Usiigongelee, gome likichubuka huoza. Mbegu ya mchu ni ndogo, maji huichukua. Iotesheni kwanza kwenye viriba, vile vifuko vya miche.

Kondeni chimbeni mtaro, mdomo uzibwe maji yakijaa na ufunguliwe yakipwa, ili mvua za masika zioshe chumvi.

Na nawasihi, ndugu zangu, msilitupe konde kwa kukosa mavuno misimu michache. Pitieni mipaka yake pamoja na vijana na muiandike sasa, maana alama nyingi tulizoachiwa ni minazi, na ile ya ukingoni inaanguka.