Namna ya Kutambua Puli ya Alternata Iliyoharibika

Mkanda wa injini ukianza kulia hubadilishwa, tenshena, kifaa kinachoukaza mkanda, nayo hubadilishwa, na baada ya muda mfupi kelele zile zile hurudi. Katika hali hiyo inafaa kuishuku puli ya alternata, yaani gurudumu ambalo mkanda hulizungusha kwenye kifaa kinachochaji betri. Kwa kuitazama tu, puli hiyo huonekana nzima. Mimi mwenyewe nilikwisha kununua mikanda miwili kabla ya kung'oa kifuniko cha plastiki kilicho mbele ya puli na kukuta vumbi jekundu la kutu ndani yake.

Jambo la kwanza ni kujua gari lako lina puli ya aina gani. Puli ya zamani ni kipande kimoja cha chuma, na hiyo haina mengi ya kuharibika zaidi ya mifereji yake kulika au nati yake kulegea. Magari mengi ya sasa, hasa ya dizeli, yana puli yenye klachi ya njia moja ndani yake, yaani inayokamata upande mmoja na kuachia upande wa pili, na nyingine zina springi pia. Sababu yake ni kwamba kranki, mhimili mkuu wa injini, haizunguki kwa mwendo ulio sawa: kila silinda inapowaka huisukuma, kisha mwendo hupungua kidogo hadi silinda inayofuata iwake. Rota ya alternata, yaani sehemu yake inayozunguka ndani, ni nzito na huzunguka kwa kasi kuliko kranki, kwa hiyo haiwezi kupunguza mwendo ghafla kila mkanda unapopunguza. Klachi huiachia itangulie.

Anza uchunguzi injini ikiwa inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, huku mikono na nguo zikiwa mbali na mkanda. Tazama mkono wa tenshena. Kutetemeka kidogo ni kawaida, lakini ukiwa unarukaruka waziwazi na mkanda unapigapiga, huenda klachi ya puli imekwama, ingawa tenshena iliyochoka nayo huleta dalili hiyo hiyo. Kisha pandisha mizunguko hadi kama 2,500 kwa dakika na uzime injini. Mkanda ukilia wakati injini inasimama, ni dalili kwamba rota inalazimishwa kusimama pamoja nao. Ukisikia mvumo wa kukwaruza unaoendelea kwa muda mfupi baada ya injini kusimama, beringi ya puli au ya alternata yenyewe imelika.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha mkono. Zima gari na ufungue kwanza waya hasi wa betri, kwa kuwa waya mnene wa alternata huwa na umeme wa betri hata swichi ikiwa imezimwa. Chora njia ya mkanda kwenye karatasi kabla ya kuutoa. Wengi hudharau hatua hii na kuijutia. Ng'oa kifuniko cha puli, ingiza kifaa chenye meno kinachoingia kwenye shafti (mhimili unaobeba rota), shika puli kwa mkono mmoja na uizungushe shafti kwa mkono mwingine. Ikizungushwa kuelekea upande ambao alternata huzungukia, shafti inapaswa kwenda kwa wepesi. Ikizungushwa upande wa pili, inapaswa kukamata mara moja, au, kwa puli yenye springi, kukaza polepole kama inayorudisha mkono wako. Shafti inayokamata pande zote mbili ni ya puli iliyokwama. Inayozunguka bure pande zote mbili ni ya puli ambayo klachi yake imekufa, na hapo mkanda utaizungusha puli ilhali rota imesimama, taa ya betri itawaka, na multimita, kifaa cha kupimia umeme, haitafikia volti 13.5 hadi 14.5 ambazo kwa kawaida huonekana betri inapochajiwa. Alternata yenye puli kama hiyo huweza kuhukumiwa kuwa imeungua wakati nyaya zake ni nzima.

Usifunge puli ya kipande kimoja mahali palipokuwa na ya klachi, hata kama inaingia kwenye shafti, kwa sababu mtetemo wote utarudi kwenye mkanda na tenshena. Kaza puli mpya kwa nguvu iliyoelekezwa na mtengenezaji, kisha ufunge kifuniko kipya, kwa kuwa cha zamani mara nyingi hupasuka kinapong'olewa na kuacha upenyo wa maji na vumbi.