SOMO: Mbolea ya vijidudu kwenye mtama na uwele (soma kabla ya kuja PM)

Wakuu, tangu Novemba nimejibu swali la namna ya kutumia mbolea ya vijidudu mpaka vidole vinauma. Naandika mara moja, atakayerudia nitamwelekeza hapa.

Hii si mbolea kama urea. Ni bakteria walio hai ndani ya unga mweusi. Kwa nafaka tafuta azospirilamu au azotobakta, wanaokaa kwenye mizizi na kuvuta naitrojeni hewani. Raizobiamu ni wa mikunde, ukiwapaka kwenye mtama umetupa hela.

1. Nunua pakiti iliyohifadhiwa kivulini, soma tarehe ya mwisho.

2. Mbegu isiwe na dawa. Ile ya rangi ya waridi ina dawa ya ukungu.

3. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha.

4. Kupaka. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo tulieni. Kilo 10 za mbegu natumia gramu 200 za unga na mililita 400 za maji yaliyokorogwa sukari vijiko viwili vikubwa ili unga unate. Ekari ya mtama inakula kilo 4 hivi, pigeni hesabu. Pakiti yako ikisema vingine, fuata pakiti. Changanya hadi kila punje iwe nyeusi, tandaza kwenye turubai KIVULINI nusu saa, panda siku hiyohiyo. Msimu wangu wa kwanza, huku Chamwino, Dodoma, nilianika juani saa saba mchana ili zikauke haraka, nikajiona mjanja. Wingu likanidanganya, likapita. Nikaziweka mbegu stoo ya bati siku nne nikingoja mvua. Mtama ukaota vizuri tu, ila sawasawa na wa jirani ambaye hakupaka chochote, nami nikatangazia kijiji kizima kuwa tumeibiwa. Bwana shamba akaniuliza kitu kimoja: "Ulianika saa ngapi?" Sikumjibu. Nilikuwa nimepanda maiti.
Kwa hiyo: usipake ukiwa unaangalia mawingu, paka mvua ikishanyesha. Usipake nyingi kuliko utakazopanda leo. Usizibebe juu ya tenki la pikipiki.

5. Panda udongo una unyevu, fukia papo hapo.

6. Samadi iliyooza iwepo. Bakteria nao wanakula.

MASWALI

Kijana wa Kongwa: Mkuu nimepaka jana, nikaanika juani. Bado zinafaa?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kijana wa Kongwa: Nilisoma harakaharaka. Ekari natoa gunia ngapi?

Mwandishi: Gunia simwahidi mtu. Samadi unaweka? Palizi unafanya mara ngapi? Kama unaberega, yaani unapanda bila kulima kwanza, halafu unangoja bakteria wakulimie, utangoja sana.

Mzee wa Mpwapwa: Babu zetu walivuna uwele bila hizi pakiti. Mnatuuzia upepo.

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Mimi siuzi, nalima. Babu zetu walikuwa wanapumzisha shamba miaka kadhaa. Sisi tunarudi ekari ileile kila masika.

Mama Choroko: Kaka, mbegu yangu ni mtama aina ya Macia, tayari ina rangi ya dawa. Naweza kuwaweka bakteria bila kugusana na mbegu? Na nitajuaje kama wamefanya kazi?

Mwandishi: Dada, ningepata maswali kama haya nisingechoka. Changanya unga na samadi laini iliyooza yenye unyevu, weka kiganja kimoja shimoni, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Kuhusu kujua: acha mistari kumi bila kitu, tena katikati ya shamba, siyo pale kwenye kichuguu. Hiyo ipande KWANZA, maana mikono ikishashika unga utaipeleka kule na kule. Wiki ya nne chimbua mche mmoja kila upande, osha, linganisha mizizi. Bakteria hawa hutoa pia homoni inayochipusha mizizi, na kwa mvua zetu za milimita 500 hadi 600 zinazokatika Februari, mwenye mizizi mingi ndiye anayefika Machi. Mavuno pima kwa mizani, macho ya mwenye shamba yana upendeleo.

Mama Choroko: Asante sana. Na kunde zangu?

Mwandishi: Hizo ndizo za raizobiamu. Zikianza maua ng'oa mmoja, pasua vinundu vya mizizi. Ndani vikiwa vyekundu kama nyama, kazi inafanyika. Vikiwa vyeupe au vya kijani, hakuna kitu. Mwaka unaofuata peleka mtama palepale.

Wa Bahi: Nje ya mada kidogo, kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kimenimaliza.

Mwandishi: Siyo nje sana, kinapenda shamba lililochoka. Weka samadi, jaribu mtama wa Hakika au Wahi, inakistahimili. Na king'oe kabla hakijachanua, mbegu zake zinalala ardhini miaka mingi.

Kijana wa Kongwa: Mkuu, kwani hicho kivuli ni lazima? Kwangu hakuna mti.

Mwandishi: Nyumba unayo?